Tom na Jerry ni Watani

Katika vibanda umiza vya Kakonko, Kibondo na Kasulu, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, filamu husomwa kwa maneno mawili: steringi na adui. Anayechelewa kuingia, hata kabla hajapata pa kukaa, humwuliza jirani yake steringi ni yupi. Akishaonyeshwa, anajua amshangilie nani na amwombee nani mabaya, na anajua kwamba steringi hafi. Kanuni hiyo imetosha kwa filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani miaka nenda miaka rudi. Lakini ipo aina moja ya filamu inayoishinda. Ni zile katuni fupi za zamani ambamo paka anamkimbiza panya dakika saba nzima, anamkosa, anaangukiwa na piano, anainuka na kuanza upya. Mwulize mtoto anayezijua steringi ni Tom au ni Jerry. Atajibu Jerry, kwa kuwa mdogo ndiye hushinda. Kisha atasita, maana katika kipande kingine Jerry ndiye aliyeanza uchokozi na Tom ndiye aliyeonewa, na katika kingine tena wote wawili wanashirikiana kumkomesha mbwa. Kusita huko kuna maana. Hoja yangu ni kwamba paka na panya hawa si maadui, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tunalo neno linalowaeleza vizuri kuliko maneno waliyokuwa nayo wabunifu wao. Tom na Jerry ni watani.

Leo mtoto huziona katuni hizi kwenye simu, akadhani zilizaliwa humo. Zilichorwa kwa ajili ya kumbi za sinema. Mmarekani aliyelipa kiingilio katika miaka ya 1940 alionyeshwa habari za wiki, akaonyeshwa katuni, ndipo filamu kubwa ikaanza. Tarehe 10 Februari 1940 kampuni ya MGM ilitoa katuni iliyoitwa Puss Gets the Boot, kazi ya vijana wawili, William Hanna na Joseph Barbera. Paka aliambiwa na mwenye kazi za nyumba kwamba akivunja chombo kimoja zaidi atatupwa nje. Panya akasikia, na tangu hapo kila glasi ya nyumba ile ikawa silaha yake. Paka huyo bado aliitwa Jasper. Majina ya Tom na Jerry yalikuja baadaye, na hadi mwaka 1958 Hanna na Barbera walikuwa wametoa katuni 114, saba zikiwa zimetwaa tuzo ya Oscar. Barbera alibuni visa na kuvichora. Hanna alipima muda, akijua kila kishindo kitokee kwenye sekunde ipi, na mayowe ya Tom ni sauti yake mwenyewe. Scott Bradley alitunga muziki unaofuata nyayo: panya akinyata, ala zinanyata, paka akiteleza, ala zinateleza naye. Kila sekunde moja picha 24 hupita machoni, kwa hiyo dakika saba ni picha 10,000 na ushei. Wanaoziita kazi hizi mzaha wa kitoto hawajafikiria jinsi ilivyo vigumu kumfanya mtu acheke kwenye picha fulani, isiwe iliyotangulia wala inayofuata.

Mwaka huohuo wa 1940, mbali na Hollywood, mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala mashuhuri kuhusu desturi ambayo Mtanzania hahitaji kuelezwa. Alishangazwa na jamii ambamo watu wa makundi mawili wanaruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana na kudhihakiana, na aliyetendewa hana ruhusa ya kukasirika. Miaka minne baadaye R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga, aliandika juu ya desturi hiyo kama alivyoikuta Tanganyika, akiitaja kwa jina lake: utani. Wote wawili waliona jambo moja. Katika utani uhasama na urafiki havipokezani zamu. Vinakaa pamoja katika tendo moja. Mtani anachukua kuku wako mchana kweupe, na mtani huyohuyo ndiye anayekuja msibani kwako, anawachekesha wafiwa na kushika kazi za mazishi. Zaidi ya hapo, utani mwingi ulizaliwa penye ugomvi au mkutano wa mashaka. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi na watu wa pwani walikutana katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Bagamoyo, wageni wasioaminiana, wakawa watani. Na kila Mtanzania anajua Simba na Yanga huitwaje. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936 kwa jina jingine, na katika miaka yote ya kufungana, kunyang'anyana wachezaji na kuzomeana, mtangazaji wa redio hawaiti maadui. Huwaita watani wa jadi. Timu moja ikifutwa leo, ya pili itakuwa imepoteza nusu ya sababu ya kuwapo kwake.

Rudi sasa kwenye katuni. Katika The Lonesome Mouse ya mwaka 1943, Jerry anafanikiwa kabisa: anamsingizia Tom kosa, Tom anafukuzwa nyumbani, na panya anabaki na nyumba nzima. Methali yetu husema paka akitoka panya hutawala. Hapa panya anatawala, na utawala unamchosha. Hana wa kumkimbiza. Mwishowe anamfuata Tom nje, wanapanga njama, na wanaigiza ugomvi mkubwa ili mwenye nyumba aone paka bado anahitajika. Mashaka mazima ya filamu ile ni upweke wa mshindi. Katika The Night Before Christmas ya mwaka 1941, Tom anamfungia Jerry nje kwenye theluji, kisha usingizi unamkataa. Anatoka, anamkuta ameganda, anambeba na kumwotesha moto. Wapo watakaosema hizo ni filamu mbili kati ya 114. Ni kweli, na ningeziacha kama nyingine zingezipinga. Hazizipingi. Angalia The Truce Hurts ya mwaka 1948, ambamo paka, panya na mbwa wanatia saini mkataba wa amani, wanaamkiana kwa upole na kuoshana meno. Upole huo unachekesha kwa sababu umepita kiasi, haufanani nao. Likianguka pande la nyama barabarani, kila mmoja anajikatia sehemu kubwa, mkataba unachanwa, na wanarudi kupigana. Mtazamaji hasikitiki. Anaona mambo yamekaa sawa, kama mtu anayesikia watani wameacha kusalimiana kwa adabu na kuanza tena kutukanana.

Kampuni ya Warner ilikwenda mbali zaidi kwa mkono wa Chuck Jones. Yeye ndiye aliyeleta mwaka 1949 yule mbwa mwitu wa jangwani, Wile E. Coyote, anayemfukuza ndege asiyekamatika, na ndiye aliyetoa mwaka 1952 Feed the Kitty, ambamo jibwa lenye sura ya kutisha linapandwa mgongoni na paka mchanga na moyo wake unayeyuka. Linamficha paka huyo ili mwenye nyumba asimwone, kisha linadhani paka wake amesagwa kwenye unga wa biskuti. Machozi ya jibwa lile, na biskuti yenye umbo la paka ambayo linaipandisha mgongoni mahali alipokuwa akilala kipenzi chake, ni miongoni mwa vipande vizuri zaidi vilivyowahi kuchorwa, na nasema hivyo bila kuogopa kutia chumvi. Lakini kwa hoja yangu, ushahidi mkubwa ni wa mbwa mlinzi Sam na mwizi wa kondoo Ralph. Katika filamu zao wanafika kazini pamoja asubuhi, wanasalimiana kwa majina, wanagonga kadi zao kwenye mashine ya saa, kisha kutwa nzima mmoja anaiba na mwingine anamtwanga. Jioni kengele inalia, wanagonga kadi na kuagana. Hakuna aliyeudhika. Jones amekitoa wazi kilichokuwa kimefichika kwa Tom na Jerry: kufukuzana ni shughuli yao ya pamoja, yenye mwanzo, mwisho na kanuni.

Ndiyo maana naona katuni hizi hazikuhitaji mkalimani katika nchi hizi. Kulikuwa na wakati ambapo wakuu wa filamu za serikali ya kikoloni waliamini vingine. William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939, alifundisha kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha za haraka, hila za kamera wala mkato wa ghafla. Atengenezewe filamu za polepole, zilizonyooka. Mtu aliyekua akisikiliza visa vya Sungura na Fisi angeshangaa kuambiwa hivyo. Visa vile vyenyewe ni mikato ya ghafla: Sungura yuko kisimani, mara yuko mdomoni mwa Fisi, mara amebadilishana naye kamba. Chukua kata ya Nyabibuye, wilayani Kakonko, karibu na mpaka wa Burundi. Huku husemwa Kiha, ambacho kinasikilizana na Kirundi. Kiswahili ni cha shule, ofisi na soko. Sungura wa Warundi huitwa Bakame, na mbinu zake hazitofautiani na za Sungura wa vitabu vyetu vya shule. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, kuna Wakongo wenye Kiswahili chao na Kibembe, na kuanzia mwaka 2015 waliingia Warundi wengi mno. Filamu ya Kihindi kibandani hutaka mtu wa kuitafsiri juu ya sauti. Katuni isiyo na maneno hukalisha lugha zote hizo kwenye benchi moja, na kila mtoto hukuta humo mnyama mdogo anayemfahamu tangu jikoni kwa bibi.

Pingamizi la kwanza ni zito, nami nalichukua kwa uzito wake. Utani ni wa watu wanaolingana: leo wewe, kesho mimi. Paka na panya hawalingani. Mmoja ni mlaji, mwingine ni chakula, na kuuita uhusiano huo utani ni kumpamba mwonevu. Fasihi yetu yenyewe inatoa onyo hilo. Katika kisa cha Kima na Papa, kilichomo katika mkusanyo aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870, kima anamlisha papa matunda ya mkuyu siku nyingi, wanakuwa marafiki, na siku papa anapomwalika kwao, safari ni ya kwenda kutolewa moyo. Maisha yametupa mifano ya pande zote mbili. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani karibu na Malindi alipelekwa Haller Park, Mombasa, akamwandama kobe wa Aldabra mwenye umri wa karne na zaidi, wakalala na kula pamoja. Owen na Mzee walijulikana dunia nzima. Lakini kiboko hali kobe. Miaka michache kabla ya hapo, huko Samburu, simba jike aliyepewa jina la Kamunyak alimchukua ndama wa choroa na kumlinda asiguswe, naye akakaa na njaa. Baada ya wiki mbili hivi simba dume alimla ndama yule. Kamunyak aliwachukua wengine baadaye, na hakuna urafiki uliodumu.

Mkosoaji, basi, ana haki kuhusu paka na panya wa kweli. Lakini Hanna na Barbera hawakuchora paka wa kweli. Walifanya kile anachofanya msimulizi wa Sungura: walisawazisha mizani kabla hadithi haijaanza. Tom ana ukubwa, Jerry ana akili. Tom ana makucha, Jerry ana tundu. Na juu ya wote kuna mwenye nyumba ambaye Tom anamwogopa. Ndani ya mizani hiyo ushindi unahama. Zaidi ya yote, Tom hana njaa. Bakuli lake la maziwa liko jikoni. Akimkamata Jerry, mara nyingi hamli. Anamning'iniza mkia, anamchezea, anamwachia kamba, kama anayejua kwamba akimmeza filamu imekwisha. Kamunyak hakuwa na bakuli la maziwa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya utani uwezekane: hauwezi kukaa palipo na njaa, na watani wa kweli nao hutaniana kuhusu kuku mmoja, si kuhusu ghala zima.

Pingamizi la pili ni la wazazi: kwamba mtoto anafundishwa kupiga. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto filamu za mtu mzima, na kwa kundi moja mhusika aliyevikwa sura ya paka wa katuni, akilipiga dubwasha la kuchezea. Watoto walioona walilipiga zaidi ya wasioona. Siwezi kulipuuza hilo, ingawa dubwasha lile liliundwa lipigwe na jaribio lilikuwa la muda mfupi. Lakini anayesema turudi kwenye hadithi zetu kwa kuwa ni za upole, hajazisikiliza karibuni. Katika visa vya Sungura watu huchemshwa chunguni, Fisi huchomwa moto, mama huuzwa. Tofauti ni kwamba Fisi akifa amekufa, na mtoto aliyesikia kifo hicho alikuwa ameketi karibu na bibi, akiweza kuuliza kwa nini. Mtoto wa simu hana wa kumwuliza. Kwa hiyo malalamiko ya mzazi ni ya haki, ila ameyaelekeza kwa Tom badala ya kuyaelekeza kwenye kiti kilicho kitupu kando ya mtoto.

Pingamizi la tatu sitaki kulijibu, kwa sababu ni kweli. Katuni hizi zilimdhalilisha mtu mweusi. Yule mfanyakazi wa ndani anayeonekana miguu na aproni, aliyepewa sauti na Lillian Randolph, alichorwa kwa dhihaka za Marekani ya ubaguzi, na vyama vya Wamarekani weusi vilipinga hadi akaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950. His Mouse Friday ya mwaka 1951 inaonyesha kisiwa cha wala watu, na Jerry anajipaka masizi usoni. Hapo hapana utani, kwa kuwa utani hudai anayetaniwa awe na zamu ya kujibu, na watu waliochorwa vile hawakuwa na penseli. Vipande hivyo visionyeshwe kwa watoto bila maelezo. Siku hizi penseli imefika kwetu: Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kurushwa kuanzia mwaka 2010, ilichukua wanyama wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, na Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2014. Ni kazi njema, ila zote mbili huzungumza sana. Bado hatujapata Sungura na Fisi wasiosema neno, waliopimwa kwa sekunde kama Hanna alivyopima.

Limebaki pingamizi ambalo ukanda huu hasa unaweza kulitoa. Nyabibuye na vijiji vinavyoelekea Burundi vimewapokea watu waliokimbizwa kweli, mwaka 1972, mwaka 1993, mwaka 2015. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilijaa Warundi kuanzia mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021. Shirika la FilmAid, lililoanza mwaka 1999 kwa wakimbizi wa Kosovo, lilipeleka skrini za uwanjani katika kambi za Kakuma nchini Kenya na za magharibi mwa Tanzania. Je, ni haki kumwonyesha kufukuzana kama kichekesho mtoto ambaye wazazi wake walifukuzwa? Sidai kwamba katuni inaponya. Ninachosema ni kwamba kufukuzwa kwa kweli na kufukuzwa kwa katuni ni vitu viwili tofauti, na mtoto huvitofautisha mapema kuliko tunavyodhani. Aliyefukuzwa kweli alipoteza nyumba. Jerry kila dakika ya saba yuko katika tundu lake lilelile, na Tom yuko kwenye zulia lake lilelile. Hakuna kati yao anayetaka mwenzake atoweke, na mmoja alipotoweka, mwaka 1943, mwenzake alimfuata nje kumrudisha.

Watoto wenyewe wana mchezo wao wa jambo hili, unaochezwa katika viwanja vya shule za Tanzania bila skrini wala umeme. Wanashikana mikono na kufanya duara. Mmoja ni panya ndani, mwingine ni paka nje. Duara linamwinulia panya mikono apite na linamshushia paka mikono asipite. Paka anapenya mahali fulani, maana duara huchoka, na panya anakamatwa. Anayekamatwa hatolewi mchezoni. Mara nyingi huwa paka, na aliyekuwa paka huingia katika duara kushikana mikono na wengine.